Kisu Kilichokunjwa Kabla ya Jibini

Shamba la Vayssade,
Montrazel.
Jumatano ya wiki ya Pasaka

Kwa Mheshimiwa Bi Odile Fabrègues,
Meya wa Montrazel.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA NDOA YA BINTI YANGU MPAKA CHAKULA CHA MCHANA CHA PASAKA KITAKAPOKWISHA

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako. Kwa kuwa hii ni barua rasmi, sitagusia kabisa kwamba nilikuwepo siku ulipotumbukia kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe ukiwa na gauni la komunyo ya kwanza. Ya utotoni na yabaki huko huko. Leo nakuandikia kama raia mlipa kodi, mfugaji, mgane, na baba wa mtoto mmoja wa kike, Perrine, ambaye unatarajia kumfungisha ndoa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu na kijana mmoja anayeitwa Bastien, kutoka Lyon.

Naomba ndoa hiyo isimame kwanza.

Si kwamba namchukia kijana. Hanywi kupita kiasi, hana ugomvi, ana kazi, na meno yake yote yapo. Dada yangu Léontine anasema ana macho mazuri. Macho sikatai. Mimi shida yangu iko mifukoni mwake. Nitaeleza hoja kwa hoja, tena nimezitia namba, ili karani wako asije akasema barua haieleweki kama alivyosema ile niliyoleta mwaka juzi kuhusu kengele ya kanisa.

1. Kuhusu vitu anavyotembea navyo

Siku ya Pasaka, kabla hatujakaa mezani, nilimuuliza kwa upole kama ana kisu. Unajua mwenyewe kwamba katika nyumba zetu uma utawekewa na kijiko utawekewa, lakini kisu unakuja nacho mfukoni. Mwanamume kufika mezani bila kisu ni sawa na kufika bila mdomo. Akanijibu, "Ninacho, Bwana Vayssade. Ngoja tu nitoe vingine kwanza." Nikangoja. Mheshimiwa, nilingoja mpaka supu ikaanza kupoa.

Alitoa simu. Akatoa pawabenki ya kuilisha simu. Akatoa tochi ndogo kama kidole, mchana kweupe. Akatoa pochi nyembamba ambayo haiingii hata sarafu moja, kadi tu. Akatoa funguo zilizokazwa pamoja kwa skrubu ili zisilie, kwa sababu, alisema, mlio wa funguo humchosha mtu bila mwenyewe kujua. Akatoa kalamu ambayo pia inavunja kioo cha gari. Nikamuuliza ameshavunja vingapi. Akasema bado hata kimoja, ila huwezi jua. Mkononi alivaa bangili ya kamba, ambayo ukiifumua unapata kamba ndefu ya kushukia kutoka ghorofani. Nyumba yangu haina ghorofa. Mwisho akatoa mafuta ya midomo.

Vyote alivipanga juu ya kitambaa cha meza cha marehemu mke wangu, kimoja kimoja, kwa mstari, kisha akavipiga picha. Nilidhani anakusanya ushahidi wa kesi fulani. Perrine akanieleza kwamba duniani kuna watu wengi wanaopiga picha vitu vya mifukoni mwao na kuonyeshana, na wenzao huwapa maoni: hiki kizito, kile kimekaa vizuri, ningekuwa mimi ningebadilisha tochi. Wanaume wazima, Mheshimiwa. Watu wenye mikopo ya nyumba.

Ili haki itendeke nami nilitoa vyangu. Kisu, leso, kipande cha kamba ya kufungia majani, na donge la sukari la ng'ombe wangu Marquise. Bastien aliviangalia muda mrefu kama mtu aliye mbele ya altare, halafu akasema, "Safi sana, Bwana Vayssade. Umepunguza mpaka mwisho." Sikupunguza kitu. Ndivyo nilivyo navyo.

2. Kuhusu hicho anachokiita kisu

Alisema alikichagua msimu mzima wa baridi. Alisoma, akalinganisha, akapima kwenye mizani ya jikoni, akarudisha viwili dukani kwa sababu vilimvuta mfuko. Baada ya taabu yote hiyo akachagua dude ambalo ndani yake mna plaizi, bisibisi, msumeno, tupa, kizibuo, kitu cha kuparia magamba ya samaki, na kijiti cha kuchokonolea meno. Ukilikunjua lote linasimama mezani kama buibui aliyekufa. Mahali fulani katikati ya vurugu hiyo mna kisu, kifupi, kama mgeni aliyealikwa kwa kuonewa huruma.

"Plaizi ya nini mezani?" nilimuuliza.

"Huwezi jua, Bwana Vayssade."

"Nimekula kwenye meza hii tangu nina meno ya utoto. Sijawahi kuona nyama inayotaka plaizi."

Jirani yangu Germain akadakia, "Basi hujala kuku wa dada yako wewe." Léontine akamnyima Germain soseji ya pili, na alistahili.

Sisi hapa kisu hakichaguliwi kwa kusoma. Unapewa na baba yako siku ya komunyo, mpini wa pembe ya ng'ombe mliyemjua kwa jina, nawe papo hapo unamtilia sarafu mkononi, maana kisu kilichotolewa bure hukata mapenzi kati ya anayetoa na anayepokea. Baada ya hapo hakuna cha kulinganisha. Unakinoa mpaka kinakonda, na siku ukifa mwanao anakitoa mfukoni mwako kabla hawajakuvika suti.

3. Kuhusu tukio lenyewe

Wewe ni mtoto wa hapa, huna haja ya kuelezwa. Lakini huenda barua hii ikapanda mpaka wilayani, kwa watu wasiojua kula, kwa hiyo naeleza. Chakula huanza pale mwenye nyumba anapokunjua kisu chake na kuchora msalaba chini ya mkate kwa ncha. Chakula huisha pale mwenye nyumba anapokifuta kisu kwa kipande cha mkate, anapokila hicho kipande, na kukikunja kisu. Tak. Hapo hata kama una tonge mdomoni, umeshashiba. Unasimama, unashukuru, unaondoka. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa haraka, na vibarua wa mavuno walikula huku jicho moja liko kwenye mkono wake.

Basi. Meza ilijaa. Supu tulishakunywa, soseji tulishakula, na Léontine alishatugawia aligot, viazi vyake vya jibini, ambavyo anavivuta kutoka sufuriani kwa mwiko mpaka vinafika usawa wa kofia yangu. Jibini lenyewe lilikuwa ndiyo kwanza limewekwa katikati ya meza, halijaguswa. Pai ya matofaa ilikuwa dirishani inapoa. Mimi nilikuwa nasimulia habari ya fahali wa Germain aliyeingia kanisani wakati wa ubatizo, na nilikuwa nimefika pazuri, pale padri anapopanda juu ya benchi.

Tak.

Nikatazama kisu changu. Kiko wazi. Nikatazama cha Germain. Kiko wazi. Kijana wa Lyon alikuwa amekunja dude lake lote, amelirudisha kwenye ala yake kiunoni, ameweka mikono mezani, na anatabasamu.

Germain akasimama. Simlaumu, miguu yake imezoea tangu utoto na haingoji kuulizwa. Akasema, "Haya, asanteni, Mungu awazidishie," akavaa bereti yake. Mkewe akasimama. Binamu zangu wa ng'ambo ya mto wakasimama, wakabusu kila shavu lililokuwa karibu, wakatoka. Mzee Abel, aliyekuwa tarishi wetu na ambaye sasa haoni vizuri, alisikia tu ule mlio akaanza kupapasa fimbo yake.

Léontine alikuwa ndiyo anatoka dirishani na pai. "Firmin, umekunja?"

"Sijakunja!"

"Sasa nani kakunja?"

Na watu waliokwisha kusimama huwezi kuwaambia wakae tena. Sijawahi kuona likifanyika, na hata maneno ya kuwaambia sina. Muda si muda uani hapakuwa na gari hata moja. Léontine akalirudisha jibini kabatini likiwa zima, duara kamili, kama lilivyotoka kwa muuzaji. Bastien alibaki ameduwaa na glasi mkononi, "Nimefanya nini? Perrine, nimefanya nini?" Na Perrine, mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, akacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na kushika mguu wa meza.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na padri juu ya benchi na hakuna wa kumteremshia.

4. Kuhusu athari za kisheria

Jambo hili nimelitafakari sana, na naona lina njia mbili tu.

Njia ya kwanza: aliyekunja alikuwa na mamlaka ya kukunja. Kama ni hivyo, yeye ndiye mwenye nyumba ya Vayssade, na mimi nimepinduliwa kwenye meza yangu mwenyewe siku ya Ufufuko. Sina neno. Lakini basi aje alfajiri azoe samadi, alishe ng'ombe, alipe kodi ya ardhi, agombane na Germain kuhusu ua wa seng'enge, na alichukue na goti langu la kushoto. Nimeshamwambia Perrine amfikishie ujumbe huo neno kwa neno.

Njia ya pili: hakuwa na mamlaka. Kama ni hivyo, chakula cha Pasaka hakijaisha. Kiko katikati. Sote tuliokuwepo bado tumekaa mezani kisheria, hata kama Germain anaonekana shambani kwake na binamu zangu wanadai wamefika kwao. Léontine bado yuko njiani na pai. Na mtu hawezi kufunga ndoa akiwa katikati ya chakula. Hata wewe, Mheshimiwa, pamoja na ule mshipi wako wa rangi tatu, huwezi kumwambia bwana harusi aseme "ndiyo" wakati kisheria ana aligot mdomoni.

Mimi nimeshikilia njia ya pili. Tangu siku ile kisu changu kiko wazi mezani mahali pale pale, sijakikunja wala kukigusa, kwa sababu ni ushahidi. Natembea na mfuko usio na kisu. Nyama nakula kwa kijiko. Kahawa yangu ya asubuhi naihesabu kuwa kahawa ya Pasaka. Léontine amesema nikiendelea hivi ataniitia daktari wa mifugo, kwa kuwa daktari wa watu ameshindwa na mimi.

5. Kuhusu sabuni

Wageni walipokwisha kuondoka, Bastien, kwa majuto, alikusanya vyombo kwenda kuviosha. Hilo ni jema. Lakini alichukua na kisu changu, akakielekeza kwenye sinki lenye maji ya moto na povu. Kisu, Mheshimiwa, hufutwa kwa mkate, na kikichafuka sana hufutwa kwenye paja la suruali. Nilijirusha katikati kama mama mwenye mtoto, nikamwamuru akirudishe mezani mahali pake, kikiwa wazi. Tangu hapo goti limezidi.

6. Kuhusu Perrine

Hoja hii nilitaka kuiruka, lakini nimeshaandika namba na sipendi kufuta.

Wakishaoana watahamia Lyon, ghorofa ya nne. Kule ile bangili ya kamba itafaa. Sasa hivi Perrine anakaa Rodez, mji wetu wa karibu, na tangu mama yake alipotutoka hajakosa Jumapili hata moja. Anakuja na mkate wa mjini ambao ni mbaya, na mimi nausifia. Kutoka Lyon hakuna mtu wa kuja kila Jumapili. Nimeangalia ramani.

Siku za kawaida nakula peke yangu. Ile meza aliichonga babu yangu kwa ajili ya watu wa mavuno, ni ndefu, na mimi nakaa kichwani kwake kama mwenyekiti wa mkutano ambao wajumbe hawakuja. Nakunjua kisu. Nachora msalaba kwenye mkate. Nakula. Nakifuta, nakikunja. Tak. Hakuna anayesimama. Hujui, Odile, mlio ule ulivyo mkubwa mtu ukiwa peke yako. Wakati mwingine nakikunja polepole kwa viganja viwili ili usitoke. Naziogopa hizo Jumapili zinazokuja. Nimeandika, na nimesema sipendi kufuta.

Hoja hii isihesabiwe katika uamuzi.

Kwa sababu zote hizo, isipokuwa ya sita, naiomba ofisi yako ipitishe sheria ndogo zifuatazo.

Kwamba hakuna bwana harusi atakayefungishwa ndoa Montrazel kabla hajatoa vitu vya mifukoni mwake mbele ya madiwani, na wakakuta kisu kimoja, chenye kazi moja, kisicho na plaizi. Kwamba kwenye barabara ya kuingilia kijijini, chini ya kibao cha jina, liongezwe kibao kingine cha kuwaambia wageni wasikunje chochote mpaka waone mwenye nyumba amekunja. Kwamba king'ora cha zimamoto kilie kila chakula kinapofungwa kihalali, ili mlio wowote mwingine ujulikane kuwa ni wa haramu. Najua zimamoto watasema king'ora ni cha moto. Waulize mara ya mwisho tumeungua lini, halafu waulize tunakula mara ngapi.

Kwamba nipewe hati yenye mhuri inayothibitisha kwamba chakula cha Pasaka nyumbani kwangu kinaendelea, na kwamba wote waliosimama waitwe kwa maandishi warudi kwenye viti vile vile, Germain akiwemo, na mkewe, na binamu zangu, na fimbo ya Mzee Abel. Jibini halina haraka, linazidi tu kukomaa. Dharura ni pai.

Ukikataa, sitafanya fujo, mimi si mtu wa fujo. Jumamosi hiyo nitaileta meza yangu kwa trekta mpaka mlangoni mwa ukumbi wako, ikiwa na kisu changu juu yake, wazi. Nitakaa kichwani kwake nimevaa kofia, na wewe utaona kama una moyo wa kuwafungisha watu ndoa kwa kuruka juu ya chakula cha mzee.

Nisalimie mama yako, umwambie dawa yake ya goti haikufaa ila chupa ilikuwa nzuri. Nisalimie mume wako na yule mbwa wenu anayenichukia. Wasalimie madiwani wote, hata yule aliyepiga kura kupinga kengele. Karani wako msalimie pia, na umwonyeshe namba.

Wako katika utumishi wa meza,

Firmin Vayssade

Tanbihi.

Leo ni Jumapili, na utakuwa umeona kwamba barua ya Jumatano inakufikia kwa kuchelewa na ina tundu. Tundu hilo ni la seng'enge.

Jumatano ile ile nilivaa suruali yangu ya kanisani ili nikuletee mwenyewe mkononi, nikapita njia ya mkato kwa Germain, nikaruka ua wake. Tuseme sehemu yangu moja iliruka. Suruali haikuruka. Kadiri nilivyojivuta ndivyo nilivyozidi kunasa, mwiba mmoja nyuma, mwingine kwenye goti, mguu mmoja hewani na barua yako mdomoni. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kisu nijikate nitoke. Mlikuwa na leso, kamba, na donge la sukari. Punda wa Germain akaja, akala sukari ya Marquise, akaenda zake.

Aliyetokea ni Bastien. Alikuwa zizini kwangu tangu alfajiri, na tochi yake, kwa sababu Perrine alimfikishia ujumbe neno kwa neno naye akauamini. Alikuwa amezoa samadi yote na kuirundika mahali ambapo si pake kabisa, na alikuwa ananitafuta aniulize kodi ya ardhi hulipwa dirisha gani.

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Alisema, "Usijitikise, Bwana Vayssade," akatoa lile dude, akalikunjua mpaka kwenye plaizi, akakata seng'enge nyuma yangu taratibu kama kinyozi. Germain atakuletea malalamiko kuhusu ua wake, yana haki, yatupe. Suruali kwa sehemu kubwa ilibaki pale. Kijana akaifumua bangili yake, akanifunga kiunoni kilichobaki, na kamba ilitosha na kuzidi, ingawa hapakuwa na ghorofa.

Njiani nilimuuliza kwa nini alikunja. Akasema, "Shangazi Léontine alikuwa anapitisha mkono na jibini. Niliogopa asijikate." Basi ndilo hilo. Nilimwambia aje na kisu, lakini sikumwambia akikunje lini, na Perrine naye alidhani nimemwambia. Sisi mambo haya hatuambiani.

Kwa hiyo leo nimewarudisha wote, kwenye viti vile vile, bila hati yako. Nimempa Bastien kisu cha marehemu baba yangu, kile chembamba kilichokuwa kwenye droo. Alitakiwa anitilie sarafu mkononi, na ile pochi yake, unakumbuka, haiingii sarafu. Akajipapasa kila mahali, uso umemwiva. Germain akasema, "Cha bure hicho, mapenzi yamekwisha kabla ya harusi." Ndipo kijana akafungua ala kiunoni, akaniwekea dude lake zima kiganjani. Nimelipokea. Ni zito kidogo ila limekaa vizuri mfukoni. Nimeshakipatia kazi kila kitu kilichomo isipokuwa kile cha magamba, na Perrine amelipiga picha likiwa kando ya leso yangu na kamba yangu. Tumeambiwa watu kadhaa wameisifia.

Sheria ndogo zote nimeziondoa, isipokuwa king'ora, ambacho bado naona kina maana. Kuhusu ile njia ya pili ya hoja ya nne, nimebadili mawazo: mtu anaweza kabisa kufunga ndoa akiwa katikati ya chakula. Wafungishe Jumamosi, kisha warudi wakae.

Haya nakuandikia nikiwa mezani. Jibini limeliwa, pai imeliwa, padri ameshateremka kwenye benchi, na kupitia dirishani naona kivuli cha zizi kimevuka ua. Mzee Abel anasinzia. Germain anahama tako kwa tako kwenye kiti, anakitazama kisu changu, hathubutu. Bastien ameikalia mikono yake ili isimponze. Wana safari ndefu, na gari lao limeshapakiwa.

Perrine amenisogezea kipande cha mkate nikifute kisu. Anajua, yule mtoto. Mkate nimeula. Kisu kiko wazi.